Mwanza, Dar es Salaam na Sakafu ya Mama

Mnaponiuliza swali lile mnakuwa mmesimama, na mimi nimekaa. Tofauti yetu inaanzia hapo.

Mnapita hapa dukani kwangu, mtaa wa Bakoba, mkitoka kwenye mafunzo, saruji bado iko kwenye nyusi, mnaegemea maboksi ya marumaru kana kwamba ni mali ya shangazi yenu, kisha mnauliza: "Dada Kemi, kati ya Mwanza na Dar es Salaam, fundi aende wapi?" Yule mrefu wenu huongeza, "Mstaafu, tuchoree ramani." Mnacheka. Nina miaka thelathini na nane. Jina hilo silikatai, kwa sababu magoti yangu yamestaafu kweli, na fundi marumaru asiye na magoti ni muuza duka.

Huwa nawajibu kwa kifupi. Dar kuna kazi nyingi, Mwanza kuna watu wazuri, nendeni mkajionee. Si uongo, ila ni jibu la mtu aliyechoka. Jibu refu nimelikwepa kwa sababu ndani yake kuna aibu yangu. Leo mvua imeufunga mji, hakuna mteja aliyeingia tangu asubuhi, na daftari la duka lina kurasa tupu. Basi naandika.

Jibu refu linapita juu ya sakafu ya nyumba ya mama yangu, Kamachumu, kule Muleba. Niliiweka mwenyewe. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya katika miji yote miwili. Na kwa sababu ya sakafu hiyo mama aliondoka kwenye nyumba aliyoolewa, akakaa miezi minne kwa dada yangu, kule Hamugembe, na kila tulipomuuliza atarudi lini alikuwa anageukia ukutani.

Nitafika huko. Nipeni nafasi nizunguke kidogo.

Sikufundishwa na mtu. Nilifeli kidato cha nne, nikabaki nyumbani kupalilia migomba na kahawa ya mama, na nilikuwa na ugonjwa mmoja tangu utotoni: kitu kikikaa upande, sipumui vizuri. Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nahesabu mabenchi yaliyopinda. Siku moja nimekuja mjini nikaona nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi wametupa marumaru zilizovunjika. Nikajaza gunia. Nilizipanga nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku, nikapanga, nikabomoa, nikapanga tena. Kuku wetu ndio walikuwa wa kwanza pale kijijini kutaga juu ya marumaru. Mama alikuja akasimama na jembe lake begani, akaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Mwana wange, hawa kuku sasa watadai viatu."

Anayejifundisha mwenyewe hurudia kosa lake mara nyingi, kwa sababu mara ya kwanza hana wa kumwambia kwamba ni kosa. Karibu mwaka mzima sikujua kwamba vile vigae vya ukutani vya udongo huloweshwa kwanza kwenye ndoo mpaka viache kutoa povu. Nilikuwa nabandika vikavu, vinakunywa maji yote ya saruji, kesho yake vinaanguka kimoja kimoja. Nilidhani nina mkosi. Nililia kwa ajili ya vigae, vijana, si kwa ajili ya mwanaume. Nawaambia ili mjue mnaongea na mtu wa namna gani.

Mwanza nilikwenda nikiwa na mwiko mmoja, pima maji iliyopasuka kioo, na woga mwingi. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa Mabatini, kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Minza, muuza mchele. Mnaijua Mabatini kwa picha: nyumba zimeng'ang'ania mawe makubwa kama mbuzi. Ukitaka kupeleka boksi la marumaru unapanda nalo kichwani kwenye ngazi za mawe, na ukifika juu unahema na kuwaza kwamba gari lingekuwepo usingekuwa na shingo fupi hivi.

Siku ya kwanza nilifungua boksi. Mama Minza akaweka mguu juu yake.

"Funga. Leo hufanyi kazi."

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Hujaona. Kaa hapo kwenye kigoda, kunywa uji, tazama watu wanavyopita."

Nilikaa asubuhi nzima nikiwa na hasira ya kimyakimya. Watoto wake wanne waliingia na kutoka. Mama mkwe wake, kikongwe, alitoka chumbani akishika ukuta, akafika mlangoni, akageuka kushoto kwa sababu kulia kulikuwa na mtungi. Mchana Mama Minza alichukua ndoo ya maji akaimwaga yote katikati ya sebule.

"Sasa tazama yanakwenda wapi."

Yalikwenda chumbani kwa bibi. Mimi nilikuwa nimepanga mteremko uelekee mlangoni, kwa kuwa kwenye karatasi yangu mlango ndio uliokuwa chini. Nyumba ile ilikuwa imekalia jiwe, na jiwe lilikuwa na mawazo yake. Nikaanza upya mahesabu yangu. Nimeshika somo hilo kwa mkono: kabla ya kufungua boksi, mwaga maji, na kabla ya kumwaga maji, tazama watu.

Hivyo ndivyo Mwanza ilivyo kwa fundi. Mwenye nyumba anakaa na wewe. Anakuuliza kwenu wapi kabla ya kukuuliza bei. Saa sita unaitwa kwenye sinia, ugali na sato, na ukisema umeshiba wanakasirika. Majirani wanakuja kukagua kazi isiyowahusu, wanagonga kigae kwa kidole, wanatoa maksi. Walipojua natoka Kagera hawakuniita tena jina langu. Nikawa Nshomile, kama Wahaya wote huko nje, kwamba sisi ni watu wa kujidai tumesoma. Mimi, wa kufeli! "Nshomile, hebu tuambie kwa Kiingereza, huu mstari umenyooka?" Nilikuwa nakasirika, halafu napima tena ule mstari, isije ikawa wanasema kweli.

Ugonjwa wangu ulipata malisho mazuri kule. Nikimaliza kazi sikuweza kulala bila kufikiria kwamba labda kigae fulani kina utupu chini. Kigae chenye utupu hulia tofauti ukikigonga kwa sarafu. Kilichoshiba gundi kinatoa mlio mfupi, chenye utupu kinaimba. Kuna nyumba moja Kirumba nilirudi mara tatu baada ya kukabidhi kazi, eti nigonge tu kona moja. Mara ya tatu mke wa mwenye nyumba alinifungulia mlango mikono kiunoni.

"Dada, niambie ukweli hapa hapa. Unakitafuta kigae au unamtafuta mume wangu?"

Nilimwonyesha sarafu. Akaniruhusu nigonge, yeye akiwa nyuma yangu na mwiko wa ugali. Kilikuwa kimeshiba. Nilimshukuru, na niliposhuka kile kilima nilicheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Lakini wiki ile ile nilikuwa nawaza kona nyingine.

Dar es Salaam nilikwenda kwa sababu ya kazi moja ya ghorofa, nikabaki miaka tisa. Ile miji miwili imepeana mgongo. Mmoja unatazama ziwa, mwingine unatazama bahari, na katikati kuna nchi nzima inayosafiri kwa basi. Vitu nilivyovijua kwa hakika Mwanza viligeuka uongo Dar. Mchanga, kwa mfano. Mwanza mchanga ni wa kukwaruza, unachekecha unatoa kokoto, basi. Dar kuna mchanga wenye chumvi, na mwuzaji hakuambii. Unamaliza bafu zuri, baada ya wiki tatu mistari inatoa unga mweupe kama imeota mvi. Siku hizi naonja. Mtu akiniletea mchanga naweka chembe ulimini, na hapa dukani mmeniona mkacheka. Onjeni na nyinyi. Halafu joto. Gundi uliyoikoroga saa nne haifai saa tano, imeshaanza kuwa jiwe ndani ya ndoo, na mtu mvivu ataiongezea maji aendelee. Usiongeze maji. Mwaga, koroga nyingine kidogo kidogo. Kwetu huku, mvua na baridi, gundi ile ile inakusubiri mpaka umalize mazungumzo.

Na watu. Dar nilifanya nyumba moja Tegeta kwa wiki sita bila kumwona mwenye nyumba. Nilimjua kwa sauti ya simu na vile vidole gumba anavyotuma. Kila jioni nilipaswa kutuma picha. Sebule, tuma. Jiko, tuma. Hakuna anayekutilia uji, ila hakuna pia anayekuwekea mguu juu ya boksi. Jirani wa ukuta mmoja hamjui jirani yake, lakini ukimwomba maji atakupa, na hataki kujua kwenu wapi. Kwa mtu mwenye woga kama mimi ilikuwa nafuu. Sikuwa Nshomile wala Mhaya. Nilikuwa "fundi," na jioni nilikuwa sijulikani kabisa, nikanunua chipsi zangu nikapita.

Kitu kimoja cha Dar nilikipenda kweli: saa nane mchana, joto likizidi, watu wanajilaza chini. Watoto, baba mwenye kitambi, hata mama mkwe, wanatafuta kigae cha baridi na kuweka shavu. Mara nyingi nilikuta familia nzima imelala juu ya kazi yangu. Nilijisikia nimewafanyia jambo.

Fundi niliyefanya naye kazi Dar aliitwa Shomari, mtu wa Mbagala, mwepesi wa mikono na wa mdomo. Alinifundisha ukamilifu ambao mwenyewe hakuwa nao. Kipande kilichokatwa weka nyuma ya mlango, kizima weka anapoingia mgeni. Anzia katikati ya chumba, usianzie ukutani, kwa sababu hakuna ukuta ulionyooka tangu dunia iumbwe. Alikuwa akiniona nimerudi kubomoa safu nzima kwa ajili ya upana wa unywele, anaweka mikono kichwani.

"Kemi, mkono wako mzuri. Moyo wako una presha."

"Imepinda, Shomari."

"Nani ataiona?"

"Mimi."

"Wewe unahamia hapa? Sisi kazi yetu ni picha. Piga picha, tuma, twende."

Nilimcheka. Ila miaka tisa ni mingi. Sikutambua siku nilipoacha kumwaga ndoo ya maji kabla ya kazi. Sikutambua siku nilipoacha kuuliza nani anaishi humu. Nilianza kuipenda sakafu ikiwa tupu, jioni, kabla hawajahamia, mwanga unapita chini ya mlango na kuteleza mpaka ukuta wa mbele bila kukwama popote. Nilikuwa na mamia ya picha kama hizo kwenye simu. Hakuna mtu hata mmoja ndani yake.

Sasa nyumba ya mama.

Mnajua nyumba zetu za zamani. Sakafu ya mama ilikuwa udongo ulioshindiliwa, na juu yake nyasi laini zinazokatwa kule juu, kwenye uwanda wa majani nje ya migomba. Zinatandikwa sebule nzima, mgeni anakaa, anaegemea, ananyoosha miguu. Karibu na Krismasi zinatolewa za zamani, zinaletwa mpya, na harufu ile ndiyo inayowaambia watu waliotoka mbali kwamba wamefika. Kila mwaka nilikuwa narudi na kulala juu ya harufu ile, na kila mwaka naona aibu. Nimewawekea marumaru watu ambao sijawahi kuwaona sura, mama yangu yuko kwenye udongo.

Nilichelewa miaka mingi kwa sababu nilitaka iwe kamili. Mara rangi si yenyewe, mara kiwanda kimebadilisha kipimo. Mama hakuwahi kuomba. Akinisikia nalalamika alikuwa anasema tu, "Acha, waitu. Mimi naishi."

Mwishowe nilizipata: nyeupe, kubwa, zinang'aa mpaka unaona meno yako. Nilizisafirisha kutoka Dar hadi Kamachumu, na kati ya maboksi yote kilivunjika kigae kimoja tu. Nilikuja katikati ya mwaka. Magoti yalikuwa tayari yamevimba; daktari alikuwa ameshaniambia nikipiga magoti mwaka mwingine nitatembea kwa mkongojo kabla ya mama yangu. Nikajiambia hii ndiyo ya mwisho na ndiyo itakayokuwa kamili. Nilimpeleka mama akae kwa jirani yetu mzee, Ta Petro, siku zote nilizokuwa nafanya kazi, ili asinivurugie. Mama Minza aliniweka kwenye kigoda nitazame watu. Mimi nilimwondoa mtu nyumbani ili nitazame sakafu.

Ilitoka vizuri. Hata leo nasema ilitoka vizuri. Ta Petro alipokuja kuiona nilimwambia avue viatu mlangoni, akavua, akasimama na soksi zake zenye matundu akiogopa kuingia. Mama aliingia akishika ukuta. Nilidhani anashangaa. Alizunguka sebule yote akishika ukuta, akasema, "Umefanya kazi, mwana wange," akaenda jikoni. Mimi nikapiga picha, nikamtumia Shomari, nikarudi Dar kukabidhi kazi zilizobaki.

Krismasi nilipokuja, nikakuta amezitandika nyasi mpya juu ya marumaru.

Nilisimama mlangoni na mizigo mikononi. "Mama! Unazifunika?"

"Wageni watakaa wapi?"

"Si kuna viti?"

"Viti ni vya watu wa mkutano." Alikuwa amevaa soksi nene, mbili mbili. Kamachumu ni juu, asubuhi kuna baridi, na kigae kile kile ambacho Dar mtu anakiwekea shavu, kwetu kinauma mguu mpaka kwenye jino. Hilo nilikuwa nalijua. Nilizaliwa na baridi ile. Lakini nilikuwa nimelisahau jinsi mtu anavyosahau kitu ambacho hakionekani kwenye picha.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kwenda kanisani, nilichukua fagio nikasukuma nyasi pembeni, nikaacha nafasi katikati inayong'aa. Mabua machache yalibaki. Nikatoa simu.

"Mama, njoo usimame hapa katikati nikupige picha. Wale wa Dar waone."

"Hapo hapana cha kushika."

"Hatua nne tu, Mama."

Akaachia ukuta. Alipiga mbili. Ya tatu ilikanyaga bua kavu juu ya kigae, na bua juu ya kigae ni sawa na sabuni. Hakupiga kelele. Nilisikia mlio mfupi, wa kitu kilichoshiba, halafu akataja jina la marehemu baba yangu mara moja.

Simu ilikuwa imeshapiga picha. Picha hiyo ninayo. Kuna nyasi, kuna soksi moja ya kijivu, kuna kivuli, na mistari yangu. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza, tukiwa tumekaa kwenye benchi hospitali, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba mistari imenyooka. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo mpaka leo.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umepata ufa. Alilala, akapona polepole, akaanza kutembea kwa fimbo pale Hamugembe kwa dada yangu Asimwe. Asimwe hakunilaumu kwa maneno. Alikuwa ananipa bakuli la chakula bila kunitazama. Siku mama alipotembea mwenyewe mpaka kwenye migomba iliyo nyuma ya nyumba, nilimwambia, "Sasa unaweza kurudi nyumbani, Mama."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwako."

"Ile ni yako. Nenda ukakae kwenye kioo chako." Halafu akageukia ukutani.

Nilikaa kitandani pembeni yake siku ile mpaka mvua iliyokuwa inanyesha ikakatika. Halafu nikamuuliza swali ambalo Mama Minza alinifundisha bila kulitamka. Nilimwuliza ulikuwa unatembeaje, Mama, zamani, kwenye udongo. Alidhani namtania. Kisha akakunjua shuka, akaanza kunionyesha kwa kidole. Hapa kitanda. Hapa mlango wa chumba. Anatoka kabla hakujapambazuka, macho yake yana ukungu siku nyingi, hata taa haimsaidii sana. Kulikuwa na bonde dogo kabla ya mlango wa jikoni, ambapo bibi yetu alikuwa anasimamisha kinu. Mguu ukishuka kwenye bonde lile anajua amebakiza hatua moja. Sebuleni nyasi zinamwambia yuko sebuleni. Nilimsikiliza nikiona nimefukia nini.

"Sasa kote ni kumoja," alisema. "Sijui niko wapi."

Nilirudi Kamachumu peke yangu na nyundo na patasi. Nisiwadanganye, nilisitasita kuanza. Nilikaa chini, kwa kuwa kupiga magoti sikuweza, nikaweka gunia la majani makavu ya migomba chini yangu, nikapiga kigae cha katikati. Hakikutoka. Nilikuwa nimekibandika vizuri mno. Vilikuwa vimeshiba vyote, hakuna hata kimoja kilichoimba, na kila kimoja kilitoka vipande vipande. Ta Petro alikuja na toroli, akasimama mlangoni.

"Nshomile wetu, ulipoweka ulituvua viatu. Sasa unavunja, tuvae?"

"Vaa, Ta Petro. Kuna vioo."

Alivaa, akaanza kubeba. Tulipofika kwenye toroli la kumi hivi aliniuliza kama naumwa, kwa kuwa nilikuwa nalia. Nikamwambia ni vumbi. Akasema, "Vumbi kali hilo," akaenda kumwaga.

Sikuweka marumaru nyingine, hata zile za kukwaruza. Nilimwaga zege, nikapiga saruji, na kabla haijakauka nikaichana kwa fagio la chelewa, mistari midogo ya kukwaruza unyayo. Kazi hiyo mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaiweza. Nilikuwa nateleza kwa makalio kurudi nyuma, fagio mkononi, na kwa maumivu ya magoti mkono haukutulia, na karibu na mlango wa jikoni nikaacha kivimbe. Kidogo, upana wa kiganja. Nilikiona saruji ilipokuwa imeshashika. Sikulala. Kesho yake nilikuwa nimekipima kwa pima maji mara tano, nikapanga kukichonga kabla mama hajafika.

Asimwe alimleta mapema kuliko tulivyokubaliana.

Mama alisimama mlangoni. Alivua kandambili, akaweka mguu mmoja ndani, akaukwaruza sakafuni kama kuku anayetafuta chakula. Akaweka wa pili. Asimwe alitaka kumshika, akamsukuma kwa kiwiko. Hakushika ukuta. Alitembea na fimbo yake sebule yote, bado haijatandikwa chochote, akaelekea jikoni, na mimi nyuma yake nikiwa nimeficha patasi kwenye kanga. Akafika pale. Unyayo ukapanda kile kivimbe. Akasimama.

"Hapa pana kitu."

"Najua, Mama. Nilikosea. Nakitoa sasa hivi, hakichukui dakika."

Alikikanyaga tena. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba macho, akaja tena mpaka mguu ukakigusa, akanyoosha mkono mbele, na kiganja kikatua juu ya mlango wa jikoni.

"Kiache," akasema. "Asimwe, kuna nyasi kwa Ta Petro. Nenda kaniletee."

Mnaniuliza fundi aende wapi. Dar itawanyoosha mikono, na mikono yenu inahitaji kunyooshwa, nimeiona. Mwanza watawakalisha kwenye kigoda mpaka mkasirike. Mimi nilipata vyote viwili na nikavipanga vibaya, cha Mwanza nikakiacha chini ya cha Dar. Zaidi ya hapo sijui. Mkipita Kamachumu, ingieni kwa mama mkasalimie. Atawakaribisha chini kwenye nyasi, na mtaenda jikoni kusaidia kubeba chai, na mtajikwaa pale. Kila mgeni hujikwaa. Hata mimi, kila nikienda, nakigusa kwa mguu, na mkono bado unatafuta patasi.